Kuonja Divai Mbele ya Papa

Papa, baba yangu, aliwaambia watu wote wa Kamina, mji wetu, kwamba binti yake anasomea kazi ya hoteli Nairobi, na alilitamka neno "Nairobi" kwa sauti aliyoitumia kuanzisha wimbo. Ni mwalimu wa sekondari na mwimbishaji wa kwaya katika kanisa letu la Kimetodisti. Nyumbani kwetu pombe haijawahi kuingia, hata siku ya harusi ya dada yangu.

Nilimweleza mengi juu ya masomo yangu: namna ya kutandika vitanda, kupokea wageni, kupanga zamu za jikoni. Nilimweleza jinsi Wakenya walivyocheka Kiswahili changu mpaka nikajifunza chao, hiki ninachoandikia. Sikumweleza kwamba kila Alhamisi tunaonja divai. Mwalimu alitufundisha kunusa, kujaza kinywa, halafu kutema ndani ya ndoo. Mwaka mzima sikumeza hata tone, na kwa hiyo nilijiambia sina la kuungama.

Mwaka wa pili chuo kilitutaka tufanye staji, mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu kwenye hoteli yoyote. Nilirudi Kamina, kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja karibu na stesheni. Wateja wake walikunywa soda na bia, na bia nilimwachia mhudumu mwenzangu. Divai ilikuwa chupa nne kabatini, hakuna aliyeziomba.

Wa kwanza kuziomba alikuwa koloneli mmoja wa jeshi, mgeni aliyekuwa anapita tu. Alifika saa sita mchana na mlinzi mwenye bunduki, akaketi katikati ya ukumbi. Mama mwenye hoteli alinivuta pembeni.

"Ma fille, ile meza njo ya kwako. Weye njo ulisoma." Yaani ni mimi niliyesomea kazi hiyo.

Nilimwonyesha koloneli chupa, nikaingiza kizibuo kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimekizungusha mara mbili mlango ulipofunguliwa. Akaingia Papa. Alivaa suti yake nyeusi, na nyuma yake walikuja wachungaji wawili kutoka Kaniama, wageni wa kanisa. Hakuwa ameniambia. Alitaka waone mahali ninapofanya kazi.

Alinyanyua mkono kunisalimu. Kisha akaona nilichoshika, na mkono ukabaki hewani.

Sikuweza kuacha kazi katikati. Nikavuta kizibo, nikamimina kidogo kwenye glasi ya koloneli ili aonje. Tone moja lilianguka kwenye kitambaa cheupe. Koloneli hakuigusa glasi. Aliisukuma kwangu kwa kidole.

"Kunywa kwanza weye."

"Mon colonel, nimeifungula hapa mbele yenu."

"Niliona. Kunywa."

Mlinzi akaacha kuegemea ukuta. Mama mwenye hoteli alikuwa kwenye mlango wa jikoni, akinifanyia ishara kwa kidevu: fanya haraka. Ndipo nikasikia kiti kikiburutwa nyuma yangu, na sauti ya Papa, ile ya darasani, lakini bila nguvu yake.

"Mon colonel, mutusamehe. Huyu ni mutoto yangu. Sisi hatukunywake."

Koloneli alimtazama, suti yake na Biblia aliyoishika.

"Muchungaji, mutoto yako njo ananiletea pombe."

Papa akapiga hatua moja mbele. Wachungaji walitazama meza yao. Nikajua kwamba nikingoja zaidi atasema neno jingine, na kwamba yule mlinzi ameanza kumwangalia yeye badala yangu. Nikainyanyua glasi. Hapakuwa na ndoo, na mbele ya mtu yule nisingethubutu kutema. Nikameza.

Koloneli alitazama saa yake. "Simama hapo."

Nikasimama. Divai ilinichoma hadi tumboni, na nikaanza kujisikiliza: moyo, koo, vidole. Nilijua haina sumu, nimeitoa kabatini mwenyewe, lakini nikaanza kuhesabu dakika pamoja naye. Hakuna aliyekula. Papa naye hakuketi muda wote ule. Mwishowe koloneli akavuta sahani yake, akasema, "Sawa. Mimina."

Nilipogeuka, meza ya Papa ilikuwa tupu.

Jioni nilimkuta barazani, bado amevaa suti. Nilipiga magoti kumsalimu.

"Kule Nairobi munakunywaka?"

"Tunaonjaka kila Alhamisi, Papa. Halafu tunatema. Leo njo mara ya kwanza nameza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Uliposimama pale, miye sikufikiri pombe hata kidogo. Nilifikiri kama ile kintu iko na sumu, nitaambia mama yako nini?" Akairudisha miwani usoni. Alipoendelea sauti ilikuwa kavu. "Lakini ulinificha. Mwaka muzima, nilikuwa nakusifu mbele ya bantu. Enda uambie mama yako, weye mwenyewe."

Nilikwenda nikamwambia. Mama alilia kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Papa alikuwa amepanga kuniita mbele ya kanisa Jumapili ya mwisho kabla sijarudi Nairobi, waniombee. Jumapili ile aliimbisha nyimbo zake zote, akakunja karatasi ya nyimbo, akakaa bila kuniita. Kesho yake alinibebea sanduku hadi stesheni, bila kunitajia habari ile.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Papa hunipigia simu kila Alhamisi usiku, siku aliyoichagua yeye mwenyewe.

"Muliionja tena leo?"

"Ndiyo, Papa."

Namsikia akivua miwani na kuiweka mezani. Sijui kama ananisamehe au anahesabu Alhamisi zangu. Halafu husema, "Ongea na mama yako," na kumpa simu.