Alininyooshea Kidole Nikiwa Nimevaa Aproni

Admin, naomba ufiche jina langu, maana hawa watu wako kwenye page hii na kila posti wanalaiki.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa. Naishi mtaa wa matajiri wa Lavington, nauza spea za magari mjini. Mke aliondoka, wazazi walishatangulia mbele ya haki. Kwa hivyo Jumapili geti langu huwa wazi: watu wakitoka kanisani wanakuja, tunachinja mbuzi, wanakula na kunywa. Nyama nachoma mwenyewe. Navaa aproni, natokwa na jasho, nasikia watu wakicheka uani, na roho yangu inatulia.

Zamani Wafula, mlinzi wangu, alikuwa akiuliza kila mgeni jina. Brayo, rafiki yangu wa karibu kuliko wote, akalalamika kwamba anaaibishwa mbele ya wasichana. Nikamwagiza Wafula asiulize mtu jina tena. Mtu akisema ni wangu, afungue.

Basi Jumapili moja mchana wakaja wanaume wanne, wakasema ni wangu. Wafula akafungua, wakampasua kichwa kwa nyundo palepale getini. Walipofika uani wakapiga spika risasi, muziki ukakatika, watu wote kifudifudi kwenye nyasi. Mwenye bastola akanipiga teke la mbavu akaniambia, "Wewe wa nyama, lala chini na wenzako." Alidhani nimeajiriwa.

Nikalala. Akauliza mwenye nyumba ni nani, hakuna aliyejibu. Jamani, nilifurahi. Nikiwa na uso kwenye nyasi nilijiambia kumbe hawa watu wananipenda. Hapo ndipo Brayo, ambaye hakuwa ameguswa hata ukucha, akainua kichwa na kuninyooshea kidole.

"Si ni huyo wa nyama. Huyo ndio mwenyewe. Sisi ni wageni tu."

Hayo maneno yananichoma kuliko moto, na moto nimeuonja. Walinibandika kiganja kwenye waya wa jiko, kando ya mbavu za mbuzi, niseme sefu iko wapi. Nilisema mapema, lakini hawakunitoa mapema. Waliponiburuta ndani wakinipiga, nikasikia magari yakiwashwa. Marafiki zangu hao wakatoroka. Mmoja aligonga nguzo ya geti, wengine waliokimbia kwa miguu wakamruka Wafula akiwa amelala kwenye damu yake. Kuna mpaka aliyekumbuka kubeba chupa yangu ya wiski.

Hospitalini hakuja mtu. Nilikuwa na Wafula tu, kitanda cha pili, kichwa kimefungwa bendeji.

Sasa wiki hii mimi na Wafula tumerudi nyumbani, na Brayo ameandika kwenye grupu: "Boss, pole sana. Sunday tunakam kukuona. Mbuzi itakuwa?" Wengine wakaitikia kwa vidole gumba. Nilirusha simu ukutani kwa hasira. Halafu nikaenda kuiokota, nione kama kuna aliyeongeza neno.

Nimenunua mbwa wawili wakali. Mpango wangu ni waingie wote, geti lifungwe, niwaachilie mbwa, na Brayo nimshughulikie mwenyewe kwa nyundo, kwa huu mkono uliobaki mzima. Nataka nimvunje kile kidole kwanza, kisha meno. Nimeiwaza hiyo picha usiku na mchana. Lakini kila nikiiwaza, mwishowe wanatoka wote wakilia, uwanja unabaki kimya, na sijui Jumapili inayofuata nitamchomea nani nyama.

Leo Wafula ameniuliza, "Boss, kesho nifungue ama nisifungue?" Nikaingia ndani kuandika haya.

Nawauliza nyinyi msionijua, maana wanaonijua ndio hao. Nimwambie nini? Mnijibu mapema tafadhali, kwa sababu mbwa sijawapa chakula tangu jana, na mbuzi nimeshanunua.