Kifaru Mkubwa na Kifaru Kikubwa

Juzi nilikuwa Tandika nimefuata masufuria, nikapita kwenye meza ya kijana anayeuza midoli ya plastiki. Katikati ya meza kulikuwa na kifaru cha jeshi, cha kijani, ndani ya mfuko unaong'aa. Nikakichukua, nikakitoa mfukoni, nikakigeuza juu chini, nikajaribu kwa ukucha kufungua kifuniko cha juu. Wapi. Kifuniko chenyewe kimechorwa tu.

"Mama, hicho hakifunguki, utanivunjia."

"Sasa dereva anaingilia wapi?"

"Dereva?" Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyesimama juani muda mrefu. "Mama, huo mdoli."

Nikamrudishia. Hata bei sikumuuliza, na anayenijua anajua kwamba hilo si jambo dogo. Nikaenda zangu nikiwaza Temeke ya mwaka ule wa vita vya Kagera, wakati kifaru kisichofunguka kisingeruhusiwa hata kuvuka mfereji wa mtaani kwetu.

Maana sie tulikuwa na jeshi, ndugu yangu. Usicheke. Tulikuwa na malori, tulikuwa na Landrova, tulikuwa na gari la wagonjwa lenye msalaba wa rangi ya mdomo iliyoibwa kwa dada wa mtu. Bodi ilikuwa kopo la samaki au kopo la maziwa, lililochanwa kwa kisu cha jikoni ambacho mama zetu walikitafuta tangu asubuhi. Magurudumu yalikatwa kwenye ndala zilizokufa. Ekseli ilikuwa waya, na springi zilikuwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Malori ya kweli yalipopita Chang'ombe yamebeba mgambo wanaoimba, wenzangu walipunga mikono; mie nilihesabu magurudumu, nikimaliza narudia, kwa sababu gurudumu la ndani la nyuma hujificha na mtu mvivu hulikosa. Nilikuwa msichana peke yangu katika jeshi lile, na sikuingia kwa huruma. Niliingia kwa sababu lori langu lilikuwa na magurudumu kumi na ya wavulana yalikuwa na sita.

Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kipimo. Dereva wetu alikuwa kijiti cha urefu wa kidole cha mwisho, na gari ambalo kijiti hakikuweza kuingia na kukaa, hata kama lilipendeza vipi, halikuwa gari, lilikuwa kopo. Ya pili ilikuwa ya kuozesha. Gari likivunjika halikutupwa. Liliozeshwa. Unachukua bodi ya lori la huyu, unaiweka juu ya magurudumu ya Landrova ya yule, unaongeza bomba la kalamu kutoka kwa mtu wa tatu, na linazaliwa gari ambalo jeshi lolote duniani lingeomba kulitazama. Mwenye kutoa kipande alilipwa mahari kwa golori, na mahari ilijadiliwa mpaka adhana ya alasiri. Nimefanya biashara miaka mingi tangu hapo, lakini sijawahi kukutana na mshenga mgumu kama mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa kiongozi wa msafara. Yule alikuwa anaweza kukudai golori nne kwa kizibo kimoja cha soda, akakuambia kizibo hicho kimesoma.

Kitu kimoja tu hatukuwa nacho: kifaru. Hakuna aliyewahi kukiona kwa karibu.

Basi ikaja barua ya mjomba. Mjomba wangu alikuwa kitindamimba wa bibi, dereva, na alikuwa ameondoka na kundi la kwanza. Mwalimu aliyepanga chumba cha uani ndiye aliyeisoma. Salamu, salamu, salamu, kisha: mama usihofu, wameniweka kikosi cha vifaru.

Bibi alikuwa mtu wa Rufiji, na macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu. Uso wako aliujua kwa sauti. Mwalimu alipomaliza kusoma, bibi aliendelea kukuna nazi mpaka mbuzi ikakuna kifuu kitupu.

"Vifaru," akasema. "Wamempandisha juu ya faru?"

"Siyo mnyama, mama," mwalimu akamweleza. "Ni gari la chuma. Lina mzinga."

"Faru nimewakimbia mara mbili nikiwa mwari. Wale hawana mahali pa kukaa mtu. Hicho chuma chenu, mwanangu anakaa wapi? Juu? Ndani? Kuna mlango?"

Mwalimu hakujua. Balozi hakujua. Redio ya jirani ilisema vifaru vimesonga mbele, lakini kuhusu mlango haikusema lolote. Tangu siku hiyo bibi akawa anakula kama ndege. Uji unapoa mbele yake, unatanda ngozi juu, anausogeza pembeni. Akisikia mtu anapita anauliza: "Samahani mwanangu, kifaru kina mlango?" Watu wakaanza kupita njia ya nyuma. Mie nilihesabu vijiko anavyomeza. Asubuhi vitatu, jioni viwili. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea.

Nikamwambia, "Bibi, nitakutengenezea. Utakishika kwa mikono yako."

Tatizo lilikuwa tumbo la kifaru. Kopo lingepondeka mapajani kwa bibi, na mikono yake ilikuwa inashika vitu kama mtu anayetafuta sindano. Ilitakiwa mbao. Na mbao mtaani kwetu ilikuwa na mwenyewe: jirani mchongaji, mtu wa Newala, aliyekaa kibarazani kwake kuanzia asubuhi na tezo mkononi, akitoa twiga, tembo na simba kwa ajili ya duka moja la mjini. Maneno yake kwa siku hayakuzidi ishirini, na kumi yalikuwa salamu.

Nilimsifu wakati ule na ninamsifu leo. Alikuwa anachukua gogo ambalo wewe ungelipikia maharage, analigongagonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi, na baada ya muda mnyama anatoka. Hakupima kwa rula. Alipima kwa jicho, kisha akapima tena kwa jicho la pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Naomba kifaru. Ni kwa ajili ya bibi."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa, baba. Wa kukaa mapajani."

"Anakwenda au amesimama?"

"Amesimama."

"Na ile ya mbele, ndefu?"

"Ndefu sana, baba. Hiyo ndiyo inayoua."

"Najua," akasema.

Akataka malipo ya kumpigia msasa twiga arobaini. Tukavutana mpaka ishirini na wanne, nami nikaona nimemweza. Siku nane nilisugua shingo za twiga mpaka vidole vikawa laini kuliko vya bibi harusi. Mwalimu wetu wa Kiswahili shuleni alikuwa ametupigia kelele mwaka mzima juu ya upatanisho wa maneno: mnyama ni kifaru mkubwa, chombo ni kifaru kikubwa, yule na kile, amesimama na kimesimama. Nilijua. Lakini mtu mzima amekuuliza mkubwa au mdogo, utamjibu kikubwa? Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa, humjibu kwa maneno yake mwenyewe aliyoulizia. Adabu ndiyo iliyoniponza.

Siku ya tisa akanikabidhi kitu kilichofungwa kwenye gunia. Nikakimbia nacho mpaka kwa bibi, jeshi zima nyuma yangu, nikakiweka mapajani kwake na kuvuta gunia kama mtu anayefungua bendera.

Alikuwa faru. Ndugu yangu, faru! Tena si faru wa mchezo. Mikunjo ya ngozi shingoni, kwato tatu tatu, mkia uliokunjwa kidogo kama anayefikiri. Sijaona mchongo mzuri kama ule, na sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile.

Mikono ya bibi ilianza mgongoni, ikashuka ubavuni, ikapanda kichwani. Ikasimama.

"Mbona kina masikio?"

Wavulana wakaanguka. Mtoto wa balozi alijiviringisha vumbini. "Jeshi la dada huyu linakula majani!" akapiga kelele. "Mjomba wake anapanda mnyama, jamani, anamshika masikio!"

Bibi hakucheka. Alikuwa ameifikia pembe. "Ndiye," akasema taratibu. "Ndiye yule yule. Wamenidanganya wote. Mtu mwenyewe anakaa juu." Akamtoa faru mapajani, akamweka chini kwa heshima, akajifunika khanga. Jioni ile vijiko havikufika hata viwili. Havikuwepo.

Nikamrudisha faru kwa mchongaji. Nililia njia nzima, nikamwonyesha picha iliyofifia ya gazeti lililokuwa limefungia dagaa wetu wa jioni ile: kifaru cha vita, kina alama ya mafuta ya dagaa ubavuni. Akaitazama. Akanitazama.

"Ungesema kikubwa."

"Uliuliza mkubwa, baba."

Akacheka. Siku hiyo nilijua kwamba ana pengo. Kisha akasimama, akabeba tezo, patasi na yule faru, akaja nyumbani kwetu mchana kweupe, akabisha hodi na kukaa kwenye mkeka karibu na bibi.

"Shikamoo, mama. Nimekosea mimi. Nipe mkono wako."

Ndivyo alivyofanya kazi mchana ule. Alikata miguu, kisha akashika mkono wa bibi akaupitisha palipokatwa. "Hapa hakuna miguu tena. Kinatambaa." Akaondoa pembe, akaondoa kichwa, bibi akagusa. "Hapa ndipo kinapotazamia." Mikunjo ya ngozi aliiacha, akasema hilo ndilo bamba la chuma, na kweli ukitazama ile picha na kuitazama ile mbao usingejua nani kamwiga mwenzake. Kisha akachimba tumbo kwa patasi ndogo, kipande kwa kipande, na bibi akawa anaingiza kidole kila baada ya muda kama anayeonja chumvi.

Sie tulikuwa tumezunguka. Ilihitajika kuozesha, na haraka. Magurudumu kumi na mawili, sita kila upande: nikatoa kumi ya lori langu, yote, sikujibakizia hata moja. Yakapungua mawili. Nikamtazama mtoto wa balozi, nikajiandaa kwa vita vya golori. Akang'oa mawili ya nyuma ya Landrova yake, akayatupa mkekani.

"Mahari?" nikamuuliza.

"Cha bibi hakina mahari," akasema, akageuka upande mwingine ili nisimwone uso.

Mpira wa baiskeli ukawa mkanda wa kutambaa. Bomba la kalamu likawa mzinga. Juu tukaweka kopo la dawa ya viatu, lile la bati lenye kijimkono cha kuzungusha pembeni, na ndilo lililotuokoa, maana kopo lile linafunguka na kujifunga. Mchongaji akatafuta mfukoni kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kazi nyingine, akachonga mtu wa urefu wa kidole cha mwisho, amekaa, magoti yamekunjwa. Hatukumwambia kipimo. Alikuwa ametutazama tukicheza miaka yote ile, kumbe alikuwa anapima.

Bibi akapewa. Akafungua kifuniko. Kidole kikaingia, kikampata yule mtu, kikampapasa kichwa, mabega, magoti.

"Nafasi ya magoti ipo?"

"Ipo, mama."

Akahakikisha mwenyewe. "Mzee wenu alikuwa na miguu mirefu, na huyu kamfuata baba yake." Akafunga. Bati likasema *tk*. Akafungua. Akafunga. *Tk*. Akakaa na kiganja chake juu ya kifuniko, kama mtu aliyefunika chungu kisimwagike.

"Nipeni uji," akasema. "Na msiweke maji mengi, mnadhani sijui."

Nilihesabu vijiko kumi na tisa. Nikarudia.

Mjomba alirudi vita vilipokwisha, mweusi zaidi, mwembamba, na kicheko kilichochelewa kidogo. Bibi alimshika uso, kisha kabla hajanywa maji akamwekea kifaru mikononi. "Kifuniko kilikuwa kinafunga vizuri?" Sie tulisimama nyuma ya bibi, mie, mtoto wa balozi na mchongaji, tukimfanyia mjomba ishara akubali. Mjomba akatutazama mmoja mmoja, akazungusha kijimkono, *tk*, akasema, "Kilikuwa kinafunga, mama. Hata vumbi haliingii." Baadaye uani akatuambia kwamba kikosi chenyewe kilikuwa cha vifaru kweli, lakini yeye aliendesha lori la maji, mlango wa kulia umefungwa kwa kamba ya katani. Hatukumwambia bibi. Alikufa akijua mwanawe alikaa ndani ya chuma, na nafasi ya magoti ipo.

Mtaa ule haupo sasa. Yaani upo, una namba na una fremu za maduka, lakini kibaraza cha mchongaji ni ghala la saruji, na yeye alirudi kwao Newala bila kuaga mtu, na maneno yake ishirini. Kifaru kiliondoka na mtoto wa mtu aliyehamia Mbagala. Nimeulizia, nikaulizia tena. Makopo ya bati yamekwisha, kila kitu kiko kwenye mfuko. Watoto wana magari mazuri kuliko yetu, hilo nakubali bila ubishi, ila gari likivunjika linakwenda jalalani bila kuolewa.

Mwanangu wa mwisho anaendesha malori ya kwenda Lubumbashi. Kila jioni ananitumia picha kwenye simu: uso, miwani, kidole gumba. Uso nimeushiba. Majuzi nikamwambia, baba, nipigie picha ya mlango wa hilo lori, kwa ndani, nione kitasa, na nione magoti yanakaaje. Akacheka sana, akasema mama unazeeka. Kisha akatuma picha nyingine ya uso. Nimezihesabu mara mbili. Sura yake imejaa simu nzima, na mpaka leo sijui anakaa wapi.