Leo nimenyoosha mkono nyumbani kwangu

Leo mchana mjukuu wangu amenifundisha adabu mbele ya watu, nami nimefurahi.

Nilimsikia Zawadi akipaza sauti sebuleni. Nikaingia kumkaripia.

"Zawadi! Unagombana na nani?"

Sauti ya kijana nisiyemjua ikatoka kwenye simu: "Huyo muzee ni nani?"

"Ni koko yangu," Zawadi akamjibu. Kisha akanigeukia. "Koko, nyosha mukono kwanza. Nitakupatia parole, useme."

Jamani! Hiyo si sheria yangu mwenyewe ya darasani? Wanafunzi wangu wa zamani, chekeni tu.

Nikanyoosha mkono.

Sasa niwaeleze. Kuna mchezo wa video wa sehemu tatu. Mbili zimetoka, na ya pili inaishia msichana akiwa katikati ya daraja linalokatika. Kampuni imesema ya tatu haitatengenezwa. Basi wapenzi wa mchezo huo, wa hapa Goma, Bujumbura na hata Ulaya, wanaiomba mtandaoni ibadili mawazo. Zawadi ndiye kiongozi wao.

Leo walikuwa na mkutano kwenye simu, na wengi walitaka kuitukana kampuni.

"Tukiwatukana, watatufungia mulango," Zawadi akawaambia. "Kila mutu atume video, aeleze kwa heshima sababu anapenda huu muchezo."

Wakabisha. Akawasikiliza mmoja mmoja bila kukasirika, hadi wote wakakubali.

Ndipo akanipa nafasi. Karipio lilikuwa limeshanitoka kichwani.

Nikauliza: "Video yangu niitume wapi? Nataka kujua kama huyo mutoto atavuka."