Makao ya Kudumu Juu ya Ngamia

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi Garissa, Meneja wa Kituo alinitazama juu ya miwani akauliza, "Halima, wewe ni wa hapa?" Nikamwambia ndiyo. "Afadhali. Mimi nikimuuliza mtu anakaa wapi, ananiambia mvua imenyesha wapi." Alikuwa mtu wa milimani, mkali wa sheria, na kila siku saa nne asubuhi aliniletea chai ya maziwa bila kuniuliza. Nilimpenda mapema.

Nilipewa kazi ya kuamua ukaazi wa kodi wa watu waliorudi kutoka kazi za muda ng'ambo. Nyinyi vijana mnadhani ni kuhesabu siku tu. Siku huhesabiwa kwa asiye na makao. Mwenye makao ya kudumu nchini, akiwepo hata kwa muda mfupi mwaka ule, ni mkaazi, basi.

Ndipo akaja Abdi, dereva wa lori aliyekuwa Kuwait kwa mkataba. Alirudi mwishoni mwa mwaka, akaajiriwa Garissa. Siku zake nchini zilikuwa chache mno. Bila makao angeandikwa si mkaazi, akose nafuu, lile punguzo la kodi ambalo mkaazi hupata kwenye mshahara. Lakini si punguzo lililomuuma.

"Bwana mkubwa, baba yangu alisimamishwa kila barrier, aonyeshe yeye ni Mkenya. Leo mimi mnaniandika mgeni? Wallahi, hapana."

"Nyumba yako iko wapi?" Meneja akauliza.

"Balambala."

Tukaenda naye. Meneja wangu hakuamua mambo ya watu akiwa kitini, na hilo ninawausia. Kule Abdi alituonyesha duara la ardhi iliyofagiwa na mawe matatu ya jiko.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Malisho imeisha, mama watoto amehama."

Meneja akavua kofia. "Halima, siwezi kuandika makao ya kudumu mahali pasipo na kitu."

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilijiona ni mimi ninayeandikwa mgeni. Nikamsihi twende mbele, upande wa Modogashe.

Tuliikuta familia yake ikishusha mizigo. Sahara, mke wa Abdi, alikuwa akisimamisha aqal, nyumba yetu sisi Wasomali ya miti iliyopindwa na mikeka, ambayo hubebwa na ngamia. Mama wa bibi harusi huijenga pamoja na wanawake wa ukoo, na nyumba huwa ya mke. Meneja akamuuliza kwa adabu ana muda gani hapo.

"Hapa? Toka asubuhi."

Meneja akashusha pumzi. Abdi akatazama chini.

"Lakini nyumba, mama yangu alinijengea siku ya harusi," Sahara akaendelea, akikaza kamba. "Watoto wote nimezaa ndani yake. Ni huyu ndio anaenda Kuwait, anarudi. Mkeka wake uko pale pale. Na wewe, mzee, uko na nyumba ya mawe kwenu, sindio? Umelala ndani lini?"

Meneja, ambaye pale Garissa alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaingia ndani, akauona ule mkeka. Pale pale akaandika: mkaazi. Abdi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie.

Baadaye nilihamishwa Mombasa, Kisumu na Nairobi. Kila uhamisho mama yangu aliniuliza, "Nyumba yako nakuwekea mpaka lini?" akimaanisha miti na mikeka ya aqal yangu. Nami nilimjibu kwamba kazini nimepewa nyumba yenye bati. Nikajenga ya mawe Garissa, nikawa naipitia likizo tu. Mama alifariki, Mungu amrehemu, na miti ile ikabaki stoo.

Nilipostaafu niliitoa na dada zangu, tukaisimamisha uani, tukigombana kamba ipi ifungwe wapi. Nikalala ndani. Asubuhi jirani, ambaye kwa miaka mingi ameniona nikiingia na kutoka kwenye geti langu, akaniita shangazi kwa Kisomali: "Eeddo, umerudi lini?"

Nikamwambia, "Jana."