Uzio wa Mwenyeji

Kila asubuhi ufukweni Kamanga, kabla Dorotea na wenzake hawajachota maji, mfunga uzio wa miti unaowakinga na mamba hutangulia ziwani. Huingia hadi maji yamfike kifuani, akigonga mti mmoja mmoja kwa kiganja na kuutegea sikio, maana mti uliooza huitika kwa sauti nzito. Viganja vyake vina sugu kama kisigino. Akiwa majini hamtaji mamba, husema mwenyeji. “Wageni ni sisi,” humjibu anayecheka.

Jumatatu moja aligonga, akaacha kiganja palepale. Mti ulikuwa umesukumwa, umeinamia ndani.

“Shikamoo, baba. Tuingie?” Dorotea aliuliza.

“Marahaba. Ngojeni kwanza.” Sauti haikupanda. “Mwenyeji yumo ndani.”

Dorotea alidhani mfunga uzio atatoka mbio. Hakutoka. Aling'oa mti ule, akang'oa wa pili na wa tatu, taratibu, kama mtu anayefungua zizi bila kutaka kuwashtua ng'ombe. Kisha akasogea pembeni, akainamisha macho.

“Pita, mwenyeji.”

Maji yakajikunja karibu na ubavu wake, yakaelekea ziwani. Yalipotulia akachomeka miti upya, akaanza kuugonga uzio wote tangu mwanzo. Siku hiyo kila mti uliitika mara mbili, kwa jinsi kiganja kilivyokuwa kinatetemeka.