Usinunue Televisheni Gizani

Jumamosi moja ya ujana wangu naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu baba yako anisamehe huko aliko. Nimeamua kukusimulia leo, mwanangu, kwa sababu tangu wiki jana unanionyesha kwenye simu picha ya televisheni unayotaka kununua, nami nimekaa kimya. Kimya changu hakikuwa cha kukubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nilikuwa bado mgeni hapa Eldoret, nimetoka Busia na sanduku moja, nikapata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kazi yangu ilikuwa kukagua rangi. Kitambaa kikishatiwa rangi na kukaushwa, tulikata kipande tukakilinganisha na sampuli. Sasa, taa za mle ndani zilikuwa kali mchana kutwa, na chini ya taa zile kila kitambaa kilipendeza. Ndiyo maana kulikuwa na sheria ambayo hata meneja hakuthubutu kuivunja: rangi haikubaliwi chini ya taa. Unakitoa kitambaa mlangoni, kwenye mwanga wa Mungu, unakikunjua na kukitazama, ndipo unapiga muhuri. Aliyenifunza hivyo ni mkubwa wetu wa kazi, Mama Nekesa, mama wa Kibukusu mwenye sauti ya kuamsha kanisa zima. Ukipiga muhuri bila kutoka nje alikurudishia marobota yote uyafungue upya, na kama una njaa hiyo ilikuwa shauri yako.

Basi televisheni za rangi zikaingia mjini. Kabla ya hapo tulizijua zile za nyeusi na nyeupe, nazo wenyewe walikuwa wachache. Kule mtaani kwetu Langas nyumba yenye televisheni uliijua kwa viatu vilivyojaa mlangoni Jumapili alasiri. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza, nami nikajiapiza kwamba atakuta televisheni ya rangi sebuleni. Nilitaka arudi kwao akisema mwanawe hakuoa mtu hivi hivi.

Pesa nilikuwa nazo, ila zilikuwa za cherehani. Mimi na baba yako tulikuwa tumekubaliana niwe na cherehani yangu, niwe nashona sare za shule nikitoka kazini, maana kazi ya kiwanda ni ya mwenye kiwanda, na siku akifunga lango huna la kumwambia. Lakini wahenga hawakukosea waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda. Cherehani niliyoiota mwaka mzima nikaanza kuiona kitu cha akina nyanya.

Jumamosi ile nikaenda dukani na pesa hizo. Televisheni ya rangi ilikuwa imewekwa kona ya nyuma kabisa, pazia limeshushwa, giza tupu. Ilikuwa inaonyesha kanda ya video, ndege wa ng'ambo wenye mikia mirefu, wekundu na wa kijani, rangi ambazo sijawahi kuzipata kwenye pipa lolote la kiwandani. Nilisimama mdomo wazi. Nilikuwa nimeshafungua mkoba niliposikia ile sauti nyuma yangu. Mama Nekesa alikuwa ameingia kununua betri za redio.

"Rael, unafanya nini huku kwa giza?"

"Nanunua televisheni, Mama. Ona vile rangi imetoka."

"Imetoka wapi? Kitambaa cha leso tu unapeleka mlangoni, na hii ya bei ya ng'ombe wa gredi unanunua kwa giza?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mwenye duka alicheka, akidhani ni utani wa akina mama, lakini Mama Nekesa hakuwa anatania. Alimwambia kwa heshima, bila kubembeleza, "Mzee, fungua hiyo pazia. Halafu toa hiyo kanda, utuwekee stesheni yetu ya kawaida." Mwenye duka akasema jua litaharibu kioo. "Kwani kwa huyu jua haliingiangi?" akamuuliza, akavuta pazia mwenyewe.

Ndege wakapauka pale pale. Kanda ilipotolewa na antena ikachomekwa, tukaona kwaya ya watoto wa shule, nyuso zimejaa chenga, sare zao rangi ya majivu.

Nisikilize vizuri hapa. Televisheni ile haikuwa mbaya. Anayetaka kukukataza kitu hana haki ya kukisingizia, na mimi sisingizii. Ila haikuwa ile niliyokuwa nainunua. Niliyokuwa nainunua ilikuwa ya giza na ya kanda, na nyumbani kwangu sikuwa na giza mchana wala kanda wakati wowote. Nilifunga mkoba nikaondoka, nimemkasirikia Mama Nekesa kwa sababu alisema kweli mbele ya watu.

Mama mkwe alipokuja alikuta cherehani. Aliizunguka, akagusa gurudumu lake, akaniuliza kama naweza kumpunguzia gauni. Nikampunguzia akiwa ameketi hapo hapo anasubiri. Miaka baadaye kiwanda kilifunga lango kweli, na wenzangu wengi walirudi kwao mikono mitupu. Wewe ulisomeshwa na sare za watoto wa watu. Televisheni ya rangi tuliinunua baadaye sana, bei imeshuka na mawimbi yameimarika, na hakuna siku nilijuta kuchelewa.

Turudi kwako. Uliniambia, "Mathe, hii si kama zile zingine. Hii ni skrini ya OLED, inchi sitini na tano, nyeusi yake ni nyeusi kabisa." Sikubishana nawe. Jana nilivaa viatu vyangu vya kanisa nikaenda mjini kuiona mwenyewe. Nikamwomba yule msichana wa dukani atoe zile picha zao za samaki na maua, aweke taarifa ya habari ya kawaida, kisha awashe taa zote. Alishangaa, lakini ni mtoto wa adabu, akafanya.

Nakupa haki yako, mwanangu. Nyeusi ile ni nyeusi ya kweli, na mimi katika rangi sidanganyiki. Mtu mwenye chumba cha pazia zito, mwenye intaneti isiyokatika, anayependa filamu kama wengine wanavyopenda chai, na ambaye ameshamaliza mambo yake ya lazima, huyo anunue na afurahi. Sitamwita mjinga.

Lakini wewe sebule yako inaangalia machweo, na mpira wako unautazama alasiri mlango ukiwa wazi. King'amuzi chako ni kile cha kawaida, na taarifa niliyoiona kwenye skrini ile ilikuwa na ukungu ule ule wa skrini yako ya sasa, ila ukungu mkubwa zaidi. Umeme wa mtaani kwenu unapotea na kurudi kwa kishindo, na msichana yule aliniambia bila kuficha kwamba kioo kile kikiharibika, kukibadilisha ni karibu sawa na kununua nyingine. Wakubwa walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka ujao skrini hii hii itakuwa bei nafuu, maana wenye kuziunda hawalali.

Na hayo yote ningeyanyamazia kama si kuta za nyumba yako mpya kule Ziwa. Umejenga kwa matofali mabichi, mwanangu, ya udongo usiochomwa, ukasema ni sawa kwa kuwa paa litafuata upesi. Nimezishika kuta hizo kwa mikono yangu. Mvua ya masika ikizikuta wazi zitarudi kuwa tope, na jasho lako la miaka mitatu pamoja nazo. Pesa unazotaka kupeleka dukani ni za mabati. Unajua, na mimi najua, na mkeo anajua ila anaogopa kukuambia.

Basi nasaha yangu ni hii. Chombo chochote kipya, kiwe na jina gani, kitazame kwa mwanga wa nyumba yako, kikionyesha kile utakachokitazama kila siku. Kikikupendeza hapo, jiulize kinakaa mahali pa nini. Kama kinakaa mahali pa paa, kiache dukani, hata kama roho inauma. Itauma, nakuambia, na itapoa.

Fundi wa paa nimeshampigia simu. Jumatatu asubuhi atakuwa Ziwa na ngazi yake, anasubiri mabati yako. Usimwache akae bure.

Mungu akujalie macho yasiyodanganywa na taa za watu. Akupe nyumba kavu, na watoto wa kulala ndani yake bila kusikia tone. Na siku ile utakapoinunua hiyo televisheni, kwa amani na bila kuiba kwenye kuta zako, niite nije nikae mbele kabisa.