Tabo Iliyopiga Mluzi Ihembe

Mdogo wangu alikuja na gari lile kutoka Murongo, anakofanya kazi ya kutoa mizigo forodhani. Lilikuwa gari dogo la spoti, la milango miwili, na kiti cha nyuma kilichomfaa mtoto labda. Injini yake ilikuwa nzima, ila haikuwa na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, na vilima vyetu vilikuwa vinaliaibisha. Malori ya kahawa yalikuwa yanampita huku madereva wakimpungia mkono.

"Dada, lifungie tabo," aliniambia.

Gereji yangu iko Bugene. Nilimweleza kwamba injini ya namna ile imeundwa kuvuta hewa yenyewe. Ukiisukumia hewa nyingi kwa nguvu, itagonga hadi pistoni zitoboke. Ikiwezekana, ni kwa kiasi kidogo tu. Alikubali. Akaleta tabo iliyotumika, kutoka ng'ambo ya mpaka, imefungwa kwenye gunia. Nilichomelea mabomba mapya ya eksozi, nikavuta njia ya oili ya kuilainisha, nikabadilisha injekta za kunyunyizia petroli. Fundi wa kompyuta akaja kutoka Bukoba kupanga kiasi cha petroli kinachoingia. Tulipoliwasha liliunguruma vizuri, na sikusikia kitu cha ajabu.

Kesho yake asubuhi tulilipeleka Ihembe, kwa mama. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Kwenye mlima wa mwisho, penye mikaratusi, mdogo wangu alikanyaga mafuta, na tabo ikaanza kupiga mluzi. Ulianza chini, ukapanda taratibu, kisha ukakatika ghafla alipobadilisha gia.

Niliutambua mluzi ule. Baba alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, kibanjani, kati ya migomba nyuma ya nyumba. Enzi zake, kila alipofika kwenye mikaratusi ile akirudi, alipiga mluzi wa namna hiyo hiyo, unaopanda na kukatika, ili mama amwekee maji ya kunawa miguu. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameng'ang'ania usukani na hakugeuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, beseni la maji mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Baba yenu. Nimemsikia kwenye mikaratusi."

Mama yangu hajawahi kuchanganyikiwa. Siku ile ile alikuwa amekumbuka nani hajarudisha ungo wake. Mdogo wangu alijaribu kumweleza habari ya tabo, kwamba ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akayamwaga maji polepole kwenye shina la mgomba.

"Usimwite mtu kama huna la kumwambia," alisema, akaingia ndani.

Niliporudi gereji niliifungua ile tabo yote. Mluzi wa namna hiyo mara nyingi ni hewa inayovuja kwenye maungio, kwa hiyo nilikagua kila ungio na kubadilisha vibano vyote. Sikuona ufa. Tukaijaribu kwenye mlima wa Kayanga, ikalia kwa sauti nyembamba tu, kama birika linalokaribia kuchemka. Tukaijaribu njia ya Kyerwa, vilevile. Tukarudi Ihembe, na pale penye mikaratusi ukapanda ule mluzi, ukakatika. Mdogo wangu alizima injini katikati ya barabara, akashuka, akasimama mbali na gari.

"Iondoe," alisema.

Kabla sijaiondoa, mama alimtuma kijana wa bodaboda na ujumbe: tuje Jumapili baada ya ibada. Tulimkuta amevaa gauni lake la kanisani na kitenge kipya.

"Nipandisheni kwenye hilo gari."

Alikaa mbele. Mimi nilijikunja nyuma, magoti kidevuni. Tuliteremka hadi chini, tukageuza, tukaanza kupanda. Mluzi ulipoanza, mama alisema kwa Kinyambo, kwa sauti ya mtu anayeongea jikoni, "Waitu," kama alivyozoea kumwita baba kwa heshima, "umechelewa." Mdogo wangu hakuthubutu kubadilisha gia. Injini ilikuwa inalia kwa mateso, na mluzi ulikuwa unapanda bila kukatika.

Mama alimweleza habari za ng'ombe aliyekufa. Akamweleza kwamba jirani amehama. Kila mara alinyamaza kidogo, kichwa ameinamisha upande, kama anavyofanya mtu anayejibiwa. Kisha akauliza, taratibu, "Nami nikufuate lini?"

Akasikiliza. Nilimwona kwenye kioo, akicheka kidogo, kicheko cha aibu ambacho sikuwa nimekijua.

"Haya," alisema.

Mluzi ukanyamaza. Mdogo wangu aliniapia baadaye kwamba mguu wake haukuinuka kwenye mafuta, nami nilimwamini, maana gari liliendelea kupanda kwa nguvu ile ile, lakini kimya, hadi uani.

Mama alishuka, akakung'uta kitenge chake, akatuuliza kama tutakula. Tulikula ndizi na maharage. Nje, mbwa alikuwa amelala kichwa kikielekea barabarani.

Tabo sikuiondoa. Mdogo wangu huliendesha gari hilo mpaka leo, na akipita mikaratusi hakuna kinachosikika ila injini. Nimejaribu kujipa sababu ya kifundi, oili iliyoganda, ukungu, mwangwi wa kilima. Bado sijapata inayonitosha.

Wiki iliyofuata Jumapili ile nilimkuta mama nyuma ya nyumba, amepiga magoti, akipanda miche ya kahawa mstari baada ya mstari. Miche ile huchukua miaka kabla ya kuzaa. Niliuacha mkoba wangu barazani, nikachukua jembe, nikaanza kumchimbia mashimo. Sikumwuliza aliambiwa nini.